Komeo Liko Nje

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa bodi ya shule na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wapishi, mlinzi na mhudumu wetu wa usafi, ambao mmewekewa viti nyuma ya spika ambako hamtasikia kitu ila mngurumo, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi mliokaa chini juani tangu asubuhi na soksi zenu safi: habari za mchana.

Kabla sijaendelea nina ombi dogo. Naomba watoto waruhusiwe kwenda uwanjani wakacheze. Nitamsema mtoto mwenzao, na mtoto hasemwi mbele ya wenzake. Mwalimu wa zamu, tafadhali wachukue. Na wewe binti uliyeshika sinia la mkasi, liweke tu hapo mezani, mama, uende na wenzako. Halitaanguka. Nenda.

Asanteni. Naomba mtazame wanavyoondoka. Wote wametimka, vumbi hilo mnaliona. Yule wa sinia ameliweka mezani kwa mikono miwili, ameligeuza ili mkasi umwelekee mgeni rasmi, amesubiri mwalimu amwambie mara ya pili, kisha amekwenda kwa kutembea, akiufuata ukuta. Muda mfupi uliopita mshereheshaji alimtambulisha kwenu kwamba huyu ndiye aliyekuwa mkorofi kuliko wote shuleni hapa, na kwamba leo ndiye ushahidi wa mafanikio yetu. Mlimpigia makofi. Mimi sikupiga, na ningependa mjue ni kwa nini.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni mtaalamu wa tiba ya saikolojia kwa watoto wa shule hii. Si daktari wa sindano. Watoto wananiita Mama Pumua, kwa sababu mtoto akiletwa kwangu akiwa amepandisha hasira neno langu la kwanza ni hilo, na la pili ni hilo hilo. Walimu nao wamelichukua jina, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kunikejeli, na nimeyaitikia yote mawili. Leo yanafanyika mambo mawili, na kadi ya mwaliko imeyaweka kwenye mstari mmoja: kufungua Chumba cha Utulivu na kumuaga Mama Pumua. Msidhani yamekutana kwa bahati. Nafasi yangu imeondolewa kwa kuwa chumba kimepatikana. Chumba hakiugui, hakiombi likizo, hakibishani kwenye kikao cha walimu. Nimepewa zawadi ya saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba anayeondoka kazini ndiye apewe saa, lakini nimeipokea kwa mikono miwili, na namshukuru aliyeifunga kwa karatasi nzuri.

Mshereheshaji ananionyesha kidole kwamba nifupishe. Nitafupisha panapofupika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakati Mwenyekiti wa bodi akisoma risala, upepo ulilichapa turubai hili lililo juu yetu, likalia paa! Mimi nilikuwa naitazama meza kuu. Nusu yenu mliinama. Mwenyekiti aliikumbatia risala kifuani. Wewe Mheshimiwa glasi yako ya maji ilikumwagikia kwenye suti, na pole sana. Sasa niwaulize kwa heshima zote: ni nani aliyewaamuru muiname? Mlikaa mkafikiri kwanza? Mlipima mkasema, hili ni turubai au ni bunduki, ngoja tuchague? Hamkuchagua. Mwili ulisikia kabla yenu. Mishipa ya fahamu ilipeleka habari ya hatari, moyo ukaenda mbio, shingo ikazama mabegani, na akili ikafika mwisho kabisa, imechelewa, ikakuta kazi imeshafanyika. Je, tuseme Mwenyekiti wa bodi ana tabia mbaya? Tumpigishe magoti mbele ya mstari? Hapana. Tulicheka, naye akacheka, jirani yake akamshika bega, na mwili wake ukarudi mahali pake.

Elimu yangu yote ni hiyo, wala msiniongezee sifa. Mtoto naye ana mwili kama wa Mwenyekiti, ila turubai lake wengine hatulioni. Mwili ukihisi hatari, kwanza hutaka kupigana au kukimbia, na hapo ndipo tunapopata watoto wa kurusha vitu, wa kung'ata, wa kuruka ukuta. Lakini mwili ukiona kupigana hakusaidii na pa kukimbilia hapapo, una njia moja iliyobaki. Unazima. Mtoto yupo, anapumua, ukimwita anaitika, ila ndani amejizima kama mtu anayezima taa ili wezi wadhani hakuna mtu nyumbani. Mtoto wa aina hiyo hasumbui mtu, kwa hiyo sisi watu wazima huwa tunampenda sana.

Sasa nije kwa binti wa sinia. Jina lake silitaji, ingawa mnalijua. Wenzake wanamwita Radi, nami nitamwita hivyo. Bibi yake, mama mzaa mama, amekaa pale kwenye viti vya wazazi, mwenye mtandio wa kijani. Ameniruhusu nisimulie. Aliniambia leo asubuhi getini, "Sema, mwanangu, watu wajue mjukuu wangu hakuzaliwa mkorofi."

Mama yake Radi alikuwa anafanya usafi kwenye jengo la maofisi. Alikuwa akitoka alfajiri, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akafanya wanavyofanya akina mama wengi ambao siwezi kuwahukumu: alimwachia chakula, akamwachia mdoli, akafunga mlango kwa nje kwa komeo, ili mtoto asitoke barabarani akagongwa na gari. Alifunga kwa mapenzi. Siku moja aliyegongwa ni yeye mama, akafia hospitali. Hospitali hawakujua kwamba ameacha mtoto, na majirani, kila mmoja na shughuli zake, hawakujua kwamba mtoto yumo ndani. Kwamba alilia tunajua, maana sauti yake ilikuwa bado imekauka hata baada ya mazishi. Kwamba alipiga mlango tunajua, bibi yake ndiye aliyemfunga vidole bandeji. Lakini waliomfungulia hawakuja kwa sababu ya kelele. Kelele zilikuwa zimekwisha zamani. Walikuja kwa sababu maji yalikuwa yanapita chini ya mlango. Bomba la jikoni lilikuwa limeachwa wazi. Walipofungua walimkuta amekaa kitandani, mikono magotini, kimya. Jirani aliyembeba kumtoa alimwambia bibi, "Mtoto wenu ana adabu huyu. Hata hakulia."

Bibi akamchukua, akamleta shuleni kwetu. Na muhula wake wa kwanza hapa, ndugu zangu, Radi alipewa zawadi ya nidhamu. Mwalimu Mkuu, ulimkabidhi mwenyewe kwa mkono wako. Alikuwa anasimama akiambiwa asimame na kukaa akiambiwa akae. Hakuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Alijikojolea akiwa amenyoosha mgongo na macho ubaoni. Tulimwita mwanafunzi wa mfano. Kilichomleta kwangu ni kwamba hakuwa anaongea, na mitihani ya kusoma kwa sauti ilikuwa inakaribia.

Mnajua chumba changu, hicho kidogo karibu na stoo. Kuna mkeka, mpira wa sponji, vikaragosi vichache na mlango ambao haufungwi. Watu wamenitania sana kwamba nalipwa kucheza. Ni kweli nalipwa kucheza, ila kucheza kwenyewe kuna kanuni, na kanuni ya kwanza ni kwamba mtu mzima hakai kati ya mtoto na mlango. Nilikaa ukutani. Nilipumua taratibu, kwa sababu mwili wa mtoto huusoma mwili wa mtu mzima kabla haujasikiliza maneno yake. Niliuviringisha mpira ukaenda miguuni kwake, nikauacha. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki zilipita mpaka mimi mwenyewe nikawa naota ule mpira.

Halafu siku moja Radi aliuokota, akanipiga nao usoni kwa nguvu zake zote, miwani yangu ikaruka ikavunjika. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikachungulia mlangoni kuona kama kuna mtu ameniona. Kwa sababu mtoto aliyejizima haamki akiwa anatabasamu. Anaamkia pale pale alipozimikia, katikati ya vita. Njia ya kurudi inapita kwenye hasira, hakuna ya mkato, na mtu akikwambia anayo ya mkato muulize anauza nini.

Ndipo darasani viti vikaanza kuruka. Bibi alikuja kwangu na mtandio umemwanguka mabegani. "Mwanangu," akasema, "nilikuletea mtoto mpole, umenirudishia simba. Nimemchapa mpaka mkono umeniuma mimi."

"Mvumilie, bibi," nikamwambia. "Anarudi."

"Anarudi kutoka wapi? Mbona alikuwa hapa hapa?"

Nilimwandalia chai, tukainywa wote wawili, na yeye akaenda zake akitikisa kichwa.

Mwalimu wa hesabu, naomba nikusifu mbele za watu, najua hupendi, vumilia. Viti vile vilikuwa vinarushwa kwenye kipindi chako, na chumba cha walimu kilikuwa na maelezo yake tayari: huyo hesabu hazipandi, anatafuta kutolewa nje. Mwalimu huyu ni mtu wa kujali muda. Kipindi chake kikianza anafunga mlango kwa komeo, waliochelewa wabaki varandani wajifunze. Alinikaribisha nikakaa nyuma ya darasa. Komeo lilipolia tu, nilimwona Radi: mabega yamepanda, macho mlangoni, miguu inapapasa sakafu chini ya dawati. Ubaoni palikuwa hapajaandikwa hata namba moja. Baada ya kipindi nilimweleza mwalimu, naye akaiweka chaki chini. "Kwa hiyo muhula mzima," akasema, "nimekuwa nikimfungia yule mtoto ndani ya nyumba ile?" Hakusubiri nimjibu. Kuanzia siku ile mlango wa hesabu ulibaki wazi, wachelewaji wakawa wanaingia wakizomewa, na hakuna kiti kilichoruka tena. Mwalimu, hukuhitaji semina wala chumba. Ulihitaji kuambiwa, ukasikia.

Na Radi akaanza kuwa mtoto. Alikuwa mgomvi, sitawaficha. Alibishana. Alimwambia mwalimu wa sayansi kwamba mifupa ya mkono ameichora kinyume, na kweli ilikuwa kinyume. Alisukumana kwenye foleni ya chakula, alicheka kwa sauti kubwa wakati usio wake, alimtukana mwenzake, akaomba msamaha, akamtukana tena. Baadhi yenu mlikuja kunishtakia. Nilisikiliza kila shtaka nikiwa na furaha ambayo nilijitahidi kuificha, maana kila shtaka lilikuwa habari njema.

Mwalimu Mkuu akaona matokeo, akaniomba niendeshe semina kwa walimu wote. Nikaendesha. Nilisema mtoto mkorofi ni mtoto anayehisi hayuko salama, kwa hiyo mpeni mahali salama. Nilisema kelele za darasa zikimzidi atolewe kidogo, apate utulivu. Walimu waliandika, wakauliza maswali mazuri, tukala maandazi. Na lugha ilibadilika kweli. Zamani mtu alikuwa anasema, "Huyu mtundu, mchape." Baada ya semina akawa anasema, "Huyu mishipa yake ya fahamu imevurugika, mchape." Naona mnacheka. Chekeni, ni haki yenu, mwaka huu hatujapata sababu nyingi za kucheka. Maneno yangu yote ya semina ile sasa yamepakwa rangi ya buluu kwenye kibao cha chumba kipya. Katika safari yao kutoka mdomoni mwangu hadi pale juu ya mlango, mimi sikuwapo.

Jana nilikwenda kukitazama. Ni chumba kizuri, na fundi anastahili pongezi. Kuta zimevishwa magodoro, dari limechorwa mawingu, hakuna kona ya kumuumiza mtu. Dirisha liko juu, mkono wa mtoto haufiki. Nikatafuta kitasa upande wa ndani, sikukiona. Nikatoka, nikaurudisha mlango, nikaliona komeo.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "komeo limewekwa nje."

"Ndiyo, Mama Pumua. Likiwekwa ndani si watajifungia?"

"Na kwa nini liwepo?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Sasa wasipofungiwa," akasema, "watatuliaje?"

Ndugu wageni waalikwa, Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Huyu ni mtu ambaye mvua ikinyesha huwavusha watoto wa madarasa ya chini barabarani kwa mwavuli wake, mmoja mmoja, yeye mwenyewe akiloa. Ningekuwa na adui hapa ningejua la kufanya. Lakini nina watu wema, waliosikiliza kila nilichosema, wakakipenda, wakakijengea chumba, wakaweka komeo. Nimfokee nani?

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesimama karibu, akaona uso wangu, akataka kunifariji. "Usiwe na wasiwasi, Mama Pumua, tumeshakijaribu wiki iliyopita. Tulianza na Radi, maana yeye ndiye kipimo chetu. Alikuwa amebishana na mwalimu wa zamu. Mwanzo alipiga kelele sana, akagonga mlango. Tukafuata ulivyotufundisha: hatukumchapa, hatukumfokea, tukangoja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kidogo kidogo kelele zikaisha. Tulipofungua tukamkuta ametulia kabisa. Mama, chumba chako ni dawa."

"Mikono yake ilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Mikono?"

"Ilikuwa wapi?"

"Magotini," akasema. "Amekaa vizuri tu, kwa adabu."

Sijui kama mmeelewa, au ni mimi ninayesema lugha isiyo yenu. Tangu wiki iliyopita Radi hajabishana. Hajasukumana kwenye foleni. Mwalimu wa sayansi anaweza kuuchora mkono na vidole kumi, hakuna atakayemsahihisha. Jana mchana nilimwita kwenye mkeka, mlango wazi, mimi ukutani, nikauviringisha mpira. Ukafika miguuni kwake, akautazama, akanitazama mimi, akangoja. Nikamwambia, "Urushe, mama." Akaurusha, taratibu, kama nilivyomwambia. Nikamwambia, "Nipige nao usoni." Akasema, "Samahani, mwalimu."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utu uzima na sijawahi kusikia neno lililoniumiza kama lile.

Bibi, leo asubuhi getini ulinishika mikono yote miwili ukanishukuru. Ulisema, "Asante, mwanangu, mjukuu wangu amerudi kuwa kama alivyokuwa." Nikatabasamu, nikakwambia karibu ukae. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia tukiwa wawili, kwa hiyo nakwambia mbele ya watu, na unisamehe. Ni kweli amerudi kuwa kama alivyokuwa. Amerudi kuwa kama siku ile walipomtoa ndani ya nyumba. Hajapona, bibi. Ameacha kuomba msaada, basi. Tafadhali usilie, au lia, ukitaka, lia sana, mimi ni mtu wa mwisho kukunyamazisha. Mama mmoja hapo amshike bega.

Wengine mtaniuliza, si nimemtoa mara ya kwanza, kwa nini nisimtoe mara ya pili? Kwanza kesho sipo. Pili, hata ningekuwepo, sijui. Mara ya kwanza mwili wake ulijua kwamba mlango ulibaki umefungwa kwa bahati mbaya, na mama aliyeufunga angeufungua kama angekuwa hai. Safari hii umefungwa na watu wazima waliosimama nje, wanaomsikia, na wanaongoja anyamaze. Mwili wa mtoto unafanya hesabu zake, hauhitaji ubao. Huyu sasa amejua kwamba kelele zake zinasikika na hazimleti mtu. Nitafundisha nini juu ya hapo? Nitampa mpira gani?

Nimekata tamaa, Mheshimiwa, na nalisema kwa sauti kwa kuwa kwenye sherehe zetu neno hilo halisemwi. Hotuba nyingine zote zimesema tunasonga mbele. Mimi naona muhula ujao. Naona watoto wenye kelele wakipelekwa kwenye mawingu yale mmoja baada ya mwingine, na kutoka wakiwa wameshika adabu. Naona varanda zimenyamaza, wageni wanapitishwa kuonyeshwa, shule jirani wanakuja kujifunza na kupima mlango ili wakatengeneze kama huu. Naona zawadi za nidhamu hazitoshi. Na kila mwalimu mwema hapa atalala usingizi mzuri, akijua kwamba hakumpiga mtoto hata kofi moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo utakapokuja watoto hawa watakuwa watu wazima, mbali na hapa, na hakuna atakayeuunganisha na chumba hiki.

Siombi kazi yangu. Mheshimiwa, najua ulikuja ukiwa umejiandaa kunikatalia hilo, pumzika. Saini zimeshapita. Naomba kitu kimoja tu, na hakihitaji kikao. Komeo lile limeshikiliwa na skrubu. Bisibisi iko kwenye kibanda cha mlinzi, niliiona nikiingia. Naomba mtu mmoja, yeyote mwenye mamlaka katika shule hii, ainuke sasa hivi aende alifungue mbele yetu, na chumba kibaki chumba chenye magodoro na mawingu na mlango unaofunguka kwa ndani. Mimi ninaondoka, nikilifungua mimi kesho litarudishwa. Lazima awe mtu anayebaki. Nitangoja.

Nangoja bado.

Mwalimu wa nidhamu anamtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu anamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti anamtazama mgeni rasmi, na mgeni rasmi anaitazama ratiba. Mlinzi, wewe nakuona, keti tu, wewe ndiye wangekufukuza wa kwanza. Mwalimu wa hesabu, nimekuona umeinuka nusu, ukamtazama Mwalimu Mkuu, ukakaa tena. Sikulaumu. Una wanao nyumbani, na mwezi ujao mikataba inapitiwa upya.

Basi. Mkasi uko mezani, Mheshimiwa, utaukata utepe peke yako, na utaukata vizuri. Mimi nakwenda kumtafuta yule binti. Hayuko kwenye zile kelele za uwanjani, nimezisikiliza muda wote nikiongea, sauti yake naijua. Nitakaa karibu naye bila kumwambia afanye chochote, mpaka bibi yake atakapokuja kumchukua, kisha nitarudisha funguo za shule.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Tangu nianze hakuna aliyeninyooshea mkono, hakuna aliyenizomea, hakuna hata aliyesimama akaniambia, mama, unatudhulumu. Mmenisikiliza kwa utulivu mkubwa, na hilo ndilo linalonitisha.